Nyuzi na Walimu Wake: Safari ya Udi, Fidla na Kanuni Kuelekea Juani

Kisiwa cha Juani kiko kusini mashariki mwa kisiwa kikuu cha Mafia, ng'ambo ya Ghuba ya Chole. Upande wake wa magharibi yamesimama magofu ya Kua: kuta za jumba la watawala, misikiti na makaburi, vyote vilivyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kua ulikuwa mji wa watu wa bahari, waliofanya biashara na pwani nzima, hadi Wasakalava kutoka Madagascar walipouvamia mwanzoni mwa karne ya 19, wakaua, wakateka, na kuuacha ukiwa. Tangu hapo Chole, kisiwa kidogo cha jirani, ndicho kikawa makao makuu ya visiwa hivi. Wajerumani waliopewa Mafia mwaka 1890 nao walikaa hapo, mpaka 1913 walipohamishia ofisi zao Kilindoni. Juani ikabaki pembeni, kisiwa cha wakulima na wavuvi ambako kila kitu cha mjini hufika kwa mashua, na aghalabu hufika kimechelewa.

Katika vitu hivyo vinavyochelewa, nataka kusimulia habari za kimoja ambacho hakiandikwi kwenye orodha za mahitaji ya vijiji: elimu ya muziki wa nyuzi. Pwani ya Waswahili imeusikiliza udi, fidla na kanuni kwa zaidi ya miaka 100, lakini waliofundishwa kuvipiga ni wachache, na wengi wao ni watu wa mjini. Ukifuatilia historia hii tangu mwanzo, utaona jambo moja likijirudia. Kila mahali nyuzi zilipoota mizizi palikuwa na mwalimu aliyevuka maji akakaa na wanafunzi wake. Pasipofika mwalimu, watu walibaki wasikilizaji hata wakiwa na sikio zuri kiasi gani.

Nyuzi zenyewe ni wageni wa zamani. Kabla ya udi wa Misri kujulikana huku, mabaharia na wahamiaji wa Yemen na Hadhramaut walikuwa wamekwisha kuleta gambusi. Chombo hiki huchongwa kwa gogo moja, tumbo na shingo vikiwa kitu kimoja, na uso wake huwambwa ngozi. Zanzibar kilijulikana pia kwa jina la kibangala. Wangazija wana gabusi, na Madagascar yupo ndugu yake, kabosy. Kumbe bahari ileile iliyowaleta wavamizi Kua ilikuwa pia njia ya ala za muziki, zikihama bandari hadi bandari mikononi mwa watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Bara nako, Wagogo walikuwa na zeze lao la kibuyu na upinde. Huko kijana alijifunza kwa kukaa ubavuni mwa baba au mjomba, akitazama vidole vyake usiku baada ya usiku, na wala hapakuwa na aliyeiona hiyo kuwa shule.

Habari za taarabu huanza na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Inasimuliwa kwamba Sultani huyu, aliyependa sana mambo ya Misri, alileta wanamuziki kutoka Cairo watumbuize katika jumba lake. Wageni wakapiga, wakasifiwa, wakaondoka. Barghash akatambua kwamba ukimwalika mpigaji unapata starehe ya usiku mmoja, na kesho yake huna kitu. Ndipo akamtuma mtu wake, Mohamed Ibrahim, aende Cairo kujifunza kanuni na ala nyingine. Mohamed Ibrahim aliporudi akawafundisha wenzake, likaundwa kundi la jumba la Sultani. Tusiulize hapa kama Sultani alifanya hivyo kwa fahari yake au kwa mapenzi ya sanaa. La kushika ni kwamba mtu mmoja aliyefundishwa vizuri na kurudi nyumbani alitosha kuanzisha ukoo wa wapigaji ambao haujakatika mpaka leo.

Wanafunzi hao na wafuasi wao ndio walioutoa muziki ule nje ya kuta za jumba. Mwaka 1905 vijana wa Mji Mkongwe walianzisha Naadi Ikhwani Safaa, wakaagiza vyombo kutoka Misri, wakaanza kujifunza pamoja. Klabu hiyo ingali hai, na ni miongoni mwa vikundi vya muziki vikongwe kabisa barani Afrika. Tunapoisifu kwa nyimbo zake tusisahau kwamba ilikuwa shule. Mtu alifika jioni baada ya kazi, akaketi nyuma ya mkubwa wake, akasikiliza wimbo mpaka umkae kichwani, kisha akapewa chombo. Hapakuwa na karatasi za nota. Sikio ndilo lililokuwa daftari, na mwalimu ndiye aliyelisahihisha.

Usahihishaji huo si jambo dogo, na anayetaka kuelewa kwa nini mwalimu hawezi kukwepwa avitazame vyombo vyenyewe kwa karibu. Udi una nyuzi 11: jozi tano, na uzi mmoja mnene unaosimama peke yake. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji huivalia risha mbili zinazoshikwa na pete kwenye vidole vya shahada. Udi na fidla havina vipande vya chuma shingoni vya kumwonyesha mtoto aweke kidole wapi kama ilivyo kwenye gitaa. Na muziki wetu unatumia makamu za Kiarabu, kama vile rasti na bayati, zenye sauti zinazokaa katikati ya zile za piano. Kidole kikisogea upana wa unyasi, makamu imevunjika. Mwanafunzi hawezi kulijua kosa hilo kwa kusoma. Anahitaji mtu wa kumkamata kidole, akisogeze kidogo, amwambie: hapo. Kisha arudie kesho, na kesho kutwa, mpaka mkono ujue wenyewe.

Miaka ya mwanzo, nyimbo zilikuwa za Kiarabu na wasikilizaji walikuwa wakubwa wa mji. Aliyeubadili mkondo huo alitoka kijijini. Siti binti Saad, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa, alizaliwa Fumba, kusini magharibi mwa Unguja, karibu mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi. Aliuza vyungu kwa kutembea akinadi, na sauti yake ikajulikana kabla ya uso wake. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko akapata watu waliotambua kipaji chake na kumfundisha kuimba akifuatana na vyombo. Mwaka 1928 yeye na kundi lake walisafiri hadi Bombay, wakarekodi santuri kwa Kiswahili zilizouzwa pwani nzima na bara. Alifariki dunia mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu ambao umesomwa na vizazi vya wanafunzi.

Maisha ya Siti yanafundisha mambo mawili. La kwanza, kijiji hakijawahi kukosa vipaji: sauti iliyoifanya taarabu kuwa mali ya Waswahili wote ilitoka katika kibanda cha mfinyanzi. La pili ni chungu zaidi. Ilimbidi kipaji hicho akihamishie mjini ndipo akutane na udi na fidla, maana Fumba hapakuwa na wa kumfundisha. Ni Siti wangapi waliobaki Fumba, Makunduchi, Jibondo na Juani, wakaimba kwenye harusi za majirani mpaka wakazeeka, na sisi hatuna hata jina lao?

Santuri na redio zilifika mbali kuliko wanamuziki. Gramafoni ilipigwa kwenye vibaraza vya maduka, na kuanzia 1951 Dar es Salaam ilikuwa na kituo chake cha redio. Mvuvi aliyepata redio ya mbao aliweza kumsikia mpiga fidla wa Unguja au wa Cairo akiwa kwenye kisiwa chake. Hiyo ilikuwa neema kubwa, maana masikio ya watu yalielimika. Lakini redio haimkamati mtoto kidole. Ilimletea utamu bila kumpa njia ya kuufikia, na polepole ikajengeka imani kwamba muziki wa nyuzi ni kitu cha kusikilizwa kutoka kwingine, kinachofanywa na watu wengine.

Baada ya uhuru dola ililiona pengo hilo kwa namna yake. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba shule za kikoloni zimewafanya Waafrika wazionee haya ngoma na nyimbo zao. Hukwe Zawose, mpiga zeze na ilimba kutoka Ugogo, alichukuliwa kutoka kwao Dodoma akaingia katika kundi la taifa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981 alikuwa miongoni mwa mabingwa waliokaa hapo na kufundisha. Zawose alifariki dunia 2003, lakini watoto, wajukuu na wanafunzi wake wanaendelea kupiga. Chuo hicho, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ni ushahidi kwamba fundi wa kijijini akipewa darasa anaweza kuzaa mafundi. Zanzibar nako, Culture Musical Club, iliyozaliwa 1958, ikawa kundi kubwa lenye fidla, kanuni, udi, kodiani na besi. Hata hivyo mwelekeo wa mambo ulibaki uleule: bingwa alitoka kijijini kwenda mjini, na waliorudi kijijini kufundisha hawakuwa wengi.

Wananchi wa kawaida hawakungoja. Unguja walibuni kidumbak, na kwangu mimi huo ndio ukurasa mtukufu kuliko yote katika historia hii. Kanuni ni ghali na besi ya mjini ni kubwa kama mtu mzima, lakini harusi ya mkulima nayo inataka muziki. Basi watu wakatwaa sanduku la chai, wakaligeuza kifudifudi, wakatoboa tundu katikati, wakapitisha uzi mmoja na kuufunga kwenye ncha ya fimbo. Mpigaji hukanyaga sanduku lisicheze, hushika fimbo kwa mkono mmoja na kuuchapa uzi kwa mkono wa pili. Akiivuta fimbo nyuma, uzi hukaza na sauti hupanda, akiilegeza, hushuka. Kwa uzi mmoja hupata besi nzima inayotikisa kifua. Pembeni yake huwa na ngoma mbili ndogo, vijiti vya kugonganisha viitwavyo mkwasa, na cherewa za kutikiswa, na juu ya vyote fidla moja inayobeba wimbo kwa mwendo wa kasi usiompa mchezaji nafasi ya kupumua.

Kidumbak ilikuwa pia darasa. Vijana wengi walianzia kwenye sanduku au ngoma, wakapanda hadi kwenye fidla, na baadhi yao wakaishia kuwa wapigaji wa vikundi vikubwa vya taarabu. Makame Faki, aliyejulikana kwa sauti yake nzito, ni mmoja wa waliozimudu pande zote mbili. Wanaodai kwamba muziki wa nyuzi hauwezi kushika kijijini kwa sababu ya umaskini wasimame kwanza mbele ya sanduku la kidumbak wasikilize.

Pigo lililofuata lilitoka kwenye umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilizuka taarabu ya kisasa, na vikundi kama East African Melody vikashika soko. Kinanda kimoja cha umeme kiliweza kuiga fidla kumi. Mwenye harusi aliona afadhali kukodi watu wachache na spika kuliko kuwalisha wanamuziki thelathini, na mwenye kikundi aliona afadhali kusafiri na kinanda kwapani. Siwalaumu, maana watu wanaishi kwa jasho lao. Lakini gharama yake tuitaje wazi. Fidla iliponyamaza harusini, kijana alikosa mahali pa kuiona, na asichokiona mtoto hawezi kukitamani.

Hofu ya nyuzi kunyamaza kabisa ndiyo iliyozaa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachojulikana zaidi kwa herufi DCMA. Kilianza kufundisha mwaka 2002 katika jengo la zamani la forodha, Mizingani, Mji Mkongwe, kikiwa shule ya kwanza ya muziki ya aina yake Zanzibar. Wazee wa taarabu na kidumbak waliketi kuwa walimu, na mpiga fidla Mohamed Issa Matona ni mmoja wa waliokibeba kwa miaka mingi. Wasichana walipata kushika udi na kanuni, vyombo ambavyo kwa karne nzima vilikuwa karibu mali ya wanaume, na kutoka humo kukatokea wanamuziki kama Siti Amina anayepiga udi huku akiimba. Chuo kilifundisha nota bila kuliua sikio. Kimepitia pia vipindi vya ukata vilivyokaribia kukifunga, kwa sababu ada za wanafunzi hazitoshi kulipa walimu na wafadhili hubadilisha nia.

Lakini chuo hicho kiko Unguja. Mtoto wa Juani anayetaka kukifikia avuke kwanza Ghuba ya Chole hadi Utende, akate kisiwa hadi Kilindoni, apande boti hadi Nyamisati, ashike basi hadi Dar es Salaam, kisha apande boti nyingine hadi Unguja. Bahari tatu na barabara mbili kwa ajili ya somo la kwanza la fidla! Msimu wa kusi ukichafuka, hata hatua ya kwanza huweza kungoja. Mtoto hawezi kufanya safari hiyo kila wiki. Mwalimu anaweza kuifanya mara moja akakaa.

Walimu wa namna hiyo wamewahi kufanya makubwa kwingineko. Venezuela ilianzisha mwaka 1975 mpango wa okestra za watoto wa mitaa ya kawaida, ambao umeigwa duniani kote. Nairobi, katika mtaa wa Korogocho, mradi wa Ghetto Classics umewafundisha watoto fidla na ala nyingine tangu 2008. Kinshasa ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 1994 Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, aliwakusanya waumini wa Kanisa la Kimbangu waanzishe okestra, ilhali karibu wote hawakuwahi kushika fidla. Vyombo vichache walivyokuwa navyo walipokezana. Uzi ulipokatika walifunga waya wa breki ya baiskeli, na vyombo walivyokosa walichonga wenyewe. Leo okestra hiyo inajulikana duniani.

Juani haina sababu ya kuanzia sifuri. Watoto wa pwani yetu hukua wakisikia maulidi, kaswida na kisomo cha Kurani. Katika madrasa wanazoeshwa mapema kuivuta sauti, kuishusha na kuituliza mahali pake, na masikio yao yamekwisha kuonja makamu kabla hawajajua jina lake. Ndiyo maana kazi hii haiwezi kufanywa kwa kuwaruka wazee na walimu wa dini. Wapo wenye wasiwasi na ala za muziki, na wasiwasi huo unastahili heshima na mazungumzo barazani kabla ya chombo chochote kushuka kwenye mashua. Mzazi aliyeshirikishwa tangu mwanzo ndiye atakayemruhusu binti yake aje darasani.

Kinachotakiwa ni kidogo na kinajulikana. Kwanza mwalimu, akae msimu mzima, alipwe mshahara na apewe chumba, wala asiletwe kwa tamasha la siku moja lenye bango na picha. Pili vyombo vichache vinavyostahimili mahali. Hewa ya chumvi huotesha kutu kwenye nyuzi za chuma, na unyevu hulegeza gundi na kuvimbisha vigingi. Kwa hiyo sanduku na fidla za bei nafuu zitangulie, kanuni ifuate baadaye. Tatu fundi. Kisiwa chenye mafundi wa mashua kina watu wanaoijua mbao. Wafundishwe kuchonga kigingi na kubandika ubao uliopasuka. Nne ratiba inayofuata bamvua, kilimo na madrasa, si kalenda ya mfadhili. Na wanafunzi wakishaweza nyimbo tatu, wapige hapohapo kijijini, kwenye harusi za watu wao, kabla ya kupelekwa popote kuonyeshwa.

Mlango wa serikali uko wazi kuliko zamani. Mtaala wa elimu ya msingi wa 2023 umeweka somo la Sanaa na Michezo, na shule ya kijiji ina haki ya kulifundisha somo hilo kwa vyombo na si ubaoni tu. Halmashauri ya Wilaya ya Mafia, taasisi ya Bagamoyo na vyuo vya ualimu wanaweza kukaa meza moja na klabu za taarabu za Dar es Salaam na Unguja, wakampata kijana mmoja aliyehitimu, asiye na kazi mjini, aliye tayari kuvuka.

Barghash alimtuma mtu mmoja, na kutokana na mtu huyo tukapata zaidi ya karne ya taarabu. Leo hatuhitaji sultani kufanya hivyo. Anayetaka kuwasaidia watoto wa Juani asianze kwa kununua fidla kumi zikaozee stoo. Aanze kwa kumlipa mwalimu mmoja mshahara wa mwaka mmoja, kisha amwulize mwalimu huyo kinachohitajika baada ya hapo.